Miti Ikipungua, Moto Huongezeka: kuuelewa moto kichaa wa kando ya Ziwa Victoria

Kila mwaka, masika yakishapita na vuli ikiwa bado mbali, vilima vya Misungwi, Magu, Kwimba na Sengerema hupoteza ukijani. Kwanza vinakuwa na rangi ya majani makavu, kisha yanatokea mabaka meusi. Ukiuliza mabaka hayo yametoka wapi, jibu ni moja: kuna mtu kachoma. Na ni kweli. Radi huja na mvua, na huku kwetu mvua ya Julai na Agosti ni ya kubahatisha, kwa hiyo karibu kila moto wa kiangazi una mkono wa mtu: mfugaji anayetaka majani mapya na kuua kupe, mkulima anayesafisha shamba, mrina asali aliyeacha mwenge chini ya mti, vijana wanaowinda panya, mchoma mkaa aliyefungua tanuri mapema. Utasikia hata ile imani ya zamani kwamba moto uliouwasha ukienda mbali, na maisha yako yatakuwa marefu.

Lakini watu hao wote wapo mwaka mzima. Mwezi Aprili wanawasha viberiti vilevile, na kilima hakiungui. Swali la "nani kachoma" lina kazi yake kituo cha polisi. Kwa anayetaka kijiji chake kiwe salama na msitu wake uwe na afya, swali lenye faida ni jingine: kwa nini kiberiti kile kile kiwe si kitu mwezi Aprili, halafu Septemba kimalize kilima kizima?

Kinachoungua si miti

Moto unahitaji vitu vitatu: joto la kuuanzisha, hewa, na kitu cha kuunguza. Joto hatutalimaliza maadamu watu wanapika. Hewa haina mwenyewe. Kilicho mikononi mwetu ni hicho cha tatu, na hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea, kwa sababu mtu akisikia "moto wa msitu" anafikiria magogo yanawaka.

Ingia kwenye msitu wa miombo ulioungua juzi. Shina la mninga limepakwa masizi hadi usawa wa kiuno, gome limebabuka upande mmoja, majani ya matawi ya chini yamekauka kwa joto, lakini mti umesimama na mvua zikija utachipua. Machipukizi ya urefu wa goti yamekufa hadi ardhini. Nyasi hazipo kabisa, yamebaki mashina meusi yanayovunjika chini ya kiatu. Basi chakula cha moto kilikuwa nyasi, na miti ilikutwa tu katikati ya mlo huo.

Nyasi za ukanda huu hukua kwa kasi ya kushangaza. Masika moja yakiwa mazuri zinampita mtu urefu. Zikikauka, kila jani ni jembamba, limezungukwa na hewa pande zote, na halina unyevu wa kuchelewesha mwali. Gogo huhitaji joto la muda mrefu ndipo lishike moto. Nyasi za Septemba zinataka cheche tu.

Nyasi hizi pia zina tabia moja inayobadilisha hesabu yote: hazipendi kivuli. Pale matawi ya miti yanapokaribiana juu, nyasi chini huwa chache na nyembamba. Majani yaliyoanguka hubaki na unyevu, mchwa na kuvu huyala, na upepo hupunguza kasi kabla haujafika ardhini. Moto ukiingia humo hutambaa, na mara nyingi huzimika wenyewe. Sasa kata miti nusu. Jua linafika chini, nyasi zinajaa, upepo unapita bila kizuizi. Umepunguza kuni, lakini umeongeza moto.

Hii ndiyo sababu mkaa na moto ni habari moja, ingawa huwa vinajadiliwa kwenye mikutano tofauti. Magunia yanayoingia Mwanza kwa njia ya Buhongwa na Igoma yametoka kwenye miti iliyokuwa ikitia kivuli mahali fulani. Visiwani kuna kubanika sangara, nako kunataka kuni. Mti ukiondoka nyasi zinachukua nafasi yake, nyasi zikiungua mwishoni mwa kiangazi zinaua machipukizi, machipukizi yasipofika juu hakuna kivuli kipya, na mwaka unaofuata nyasi zinakuwa nyingi zaidi. Mzunguko ukizunguka mara kadhaa, panapoitwa msitu kwenye ramani panakuwa mbuga yenye visiki.

Habari njema ni kwamba visiki hivyo vingi havijafa. Miombo na migunga huchipua kutoka kwenye mizizi kwa miaka mingi. Kinachovizuia ni kwamba kila machipukizi yanapofika usawa wa goti, moto wa Septemba unayarudisha chini. Yakilindwa kwa misimu kadhaa, yakapogolewa yakabaki machache kwa kila kisiki, gome likawa nene na majani yakapanda juu ya kimo cha mwali, baada ya hapo yanajitegemea. Njia hiyo inajulikana Dodoma na kwingineko kwa jina la kisiki hai, na ni rahisi kuliko kupanda miche ambayo nusu yake itakufa kabla ya Krismasi. Inahitaji tu mtu ahakikishe moto haupiti hapo miaka hiyo ya mwanzo, na hiyo "tu" ndiyo kazi yenyewe.

Kwa mantiki hiyohiyo, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, kwangu ni mpango wa kudhibiti moto kama ulivyo mpango wa jikoni. Sijaona ukielezwa hivyo mara nyingi.

Dawa ya California si dawa ya Kwimba

Ukitafuta mtandaoni namna ya kupunguza hatari ya moto karibu na makazi, utakutana na ushauri mwingi kutoka Marekani, na sehemu yake kubwa inasema: punguza miti. Inafaa kuelewa ushauri huo umetoka wapi kabla ya kuubeba.

Mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani iliweka sera kwamba kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata kuonekana kwake. Kwa miongo kadhaa sera hiyo ilitekelezwa kwa bidii. Misitu ya misindano (paini) ya magharibi mwa nchi hiyo, iliyokuwa imezoea moto mdogo wa mara kwa mara chini ya miti mikubwa, ikajaa vijiti, vichaka na miti michanga iliyobanana. Moto ulipokuja kupenya, ulipata ngazi: kutoka majani makavu hadi kichakani, kutoka kichakani hadi kwenye matawi ya chini, na kutoka hapo hadi kileleni, ambako hakuna kikosi cha kuuzima. Novemba 2018 mji wa Paradise huko California uliteketea na watu 85 wakafariki. Ndiyo maana wataalamu wa huko wanashauri kupunguza miti michanga na kurudisha moto wa kupangwa.

Kule kinachojilimbikiza ni mbao na matawi, kwa miaka hamsini au themanini. Huku ni nyasi, zinazorudi kila masika na kuliwa na mchwa, ng'ombe au moto kabla hazijazeeka. Ukipunguza miti ya miombo Kwimba kwa kufuata kitabu cha California, umefungua mlango wa nyasi. Ugonjwa unafanana jina, dawa zinapingana.

Mashamba ya miti ya kupandwa ni habari nyingine. Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa kuna misindano, au paini kama wengi wanavyosema, na paini ni paini popote ilipo. Sindano zake zilizoanguka zina utomvu, hazilainiki upesi, na matawi makavu ya chini hutengeneza ngazi ileile ya California. Hapo kupogolea matawi ya chini, kupunguza miti kwa wakati, kufagia barabara za moto na kuondoa masalia ya uvunaji si anasa. Mikaratusi nayo ina mafuta kwenye majani na hubambua magome marefu makavu yanayoweza kupeperuka yakiwaka. Mtu aliyepanda safu ya mikaratusi ukutani kwa nyumba apate kuni za karibu angeipanda mbali kidogo kama angeyatazama magome yake mwezi Agosti.

Na kuna misitu isiyotakiwa kuguswa na moto hata kidogo, wa mapema au wa kuchelewa: misitu minene yenye unyevu kama ya Kisiwa cha Rubondo, na vipande vya msitu wa aina hiyo vilivyobaki kwenye visiwa na kandokando ya mito. Miti yake ina gome jembamba na haikuumbwa kwa moto. Ukingo wake ukiungua, nyasi zinasogea hatua chache ndani, na mwaka ujao moto unaanzia hapo. Kwa hiyo mtu akisema "moto ni mbaya" au "moto ni wa asili", muulize kwanza anazungumzia msitu gani.

Mdomo wa mnyama

Ushahidi bora wa kwamba nyasi ndizo zinazoamua uko hapa karibu. Ukanda wa magharibi wa Serengeti unashuka hadi jirani na Ghuba ya Speke. Ukitoka Magu kwenda Bunda lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, na kwa miongo iliyofuata uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Chanjo ya ng'ombe wanaozunguka hifadhi ilipoenea, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa takriban 250,000 mwaka 1961 walipita milioni moja katika miaka ya 1970. Wote hao wanakula nyasi. Eneo lililokuwa likiungua kila mwaka Serengeti likapungua sana, na miti ikaanza kuongezeka. Hakuna aliyenunua gari la zimamoto. Sindano ya ng'ombe wa Msukuma na Mkurya iliotesha miti ndani ya hifadhi.

Funzo lake vijijini linakera pande zote mbili. Afisa misitu humwona mfugaji kama adui wa msitu, na mahali pengine ni kweli, ng'ombe wengi mno hukanyaga miche na kuacha ardhi wazi. Lakini ng'ombe walioingizwa kwa zamu, kwa idadi inayojulikana, mwezi wa Mei na Juni, kwenye mkanda unaozunguka msitu wa kijiji, wanafanya kazi ambayo kijiji kingelazimika kuifanya kwa fyekeo. Mkanda uliolishwa ukabaki na nyasi fupi unapunguza kimo cha mwali kiasi kwamba watu wenye matawi mabichi wanaweza kuukabili.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao kabla ya ofisi yoyote ya misitu: ngitili. Eneo linafungwa mvua zikianza, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti vinakua, na kiangazi kikikaza linafunguliwa kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Kanuni zake ziliwekwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa jamii, na walinzi wa jadi walizisimamia. Kisha mambo yakaja kwa zamu. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, serikali ya kikoloni ilifyeka na kuchoma pori la Shinyanga kwa makusudi ili kumfukuza mbung'o. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo, alisubiri nyasi zikauke kabisa ndipo aziwashe, kwa kuwa alitaka moto mkali unaoua vichaka. Likafuata shinikizo la mashamba ya pamba, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, nyingi kwa kuyaacha machipukizi yakue yenyewe.

Wanaousifu mradi huo, na unastahili sifa, husahau upande mmoja wa ngitili: ni ghala la nyasi kavu zilizosimama. Thamani yake ipo kwa kuwa nyasi hazikuliwa hadi Agosti, na hatari yake ni hiyohiyo. Moto mmoja wa jirani ukiingia, familia imepoteza malisho ya miezi miwili kwa dakika ishirini. Ndiyo maana ngitili zinazodumu huwa na mpaka unaohudumiwa: uzio wa minyaa au mkonge, na nje yake ukanda uliolimwa au kulishwa hadi ardhi ionekane. Mpaka wa mawe matatu na neno la mwenyekiti hausimamishi moto.

Kuchoma mapema

Mwaka 1933 huko Ndola, nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia, wataalamu walianza kugawa msitu wa miombo vipande vya majaribio. Vingine walivilinda moto usiingie, vingine wakavichoma kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine wakavichoma mwishoni mwa kiangazi. Baada ya miongo kadhaa tofauti ilikuwa wazi kwa macho. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake na kubaki nyasi. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu. Vilivyolindwa kabisa vilizidi kuwa vizito, na mimea ya misitu ya kijani kibichi ikaanza kuingia.

Kwa karatasi, basi, kulinda kabisa ndiko bora. Lakini kipande cha majaribio kina mlinzi na mshahara wake. Kijiji chenye hekta mia tano, wafugaji wanaopita na walinzi wa kujitolea wenye baiskeli moja hakiwezi kuahidi kwamba moto hautaingia kamwe, na kikishindwa mwaka wa tatu kitashindwa na nyasi za miaka mitatu, mwezi wa Septemba. Kwa msitu wa miombo wenye nyasi, kuchoma vipande vya kuuzunguka mapema ni bima ambayo mimi ningeikata. Sehemu unayoikuza kutoka visikini unaiacha katikati bila moto, imezungukwa na ardhi iliyokwisha kuungua kidogo.

Mapema maana yake lini? Kalenda inasema mwishoni mwa Mei hadi Juni, lakini masika hayafuati kalenda. Kipimo kizuri ni kiganja. Chuma nyasi zijae mkononi uzikunje. Zikipinda zote bila kuvunjika, moto utatoa moshi na kufa. Zikivunjika zote kwa mlio, umechelewa, rudi nyumbani. Unazotaka ni zile ambazo nusu inapinda na nusu inavunjika. Mwali wake utakuwa wa magotini, utaruka penye majani mabichi, na utaacha viraka visivyoungua ambamo wadudu, ndege na machipukizi watasalia.

Saa nayo ina neno. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani inaingia bara. Usiku nchi inapoa kuliko ziwa, na upepo unageuka kwenda majini. Katikati kuna saa za utulivu jioni. Wachomaji wenye uzoefu huwasha kama saa kumi na moja, wakijua umande unakuja. Wanaanzia upande unakoelekea upepo ili moto urudi nyuma polepole ukipingana nao, na kama ni kilima wanaanzia juu ili moto ushuke. Kilima si mchezo: kwa makadirio ya wataalamu, kila nyuzi 10 za mwinuko zinakaribia kuongeza maradufu kasi ya moto unaopanda, kwa sababu mwali unaziegemea nyasi zilizo mbele yake na kuzikausha kabla ya kuzifikia.

Vifaa havihitaji mfadhili. Fyekeo, majembe, matawi mabichi yenye majani mengi, na mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya pamba, ambayo kila kaya ya mkulima inalo au inajua pa kuliazima. Yaoshwe kwanza, dawa ya wadudu ikipuliziwa motoni humrudia mpuliziaji kwa njia ya pua. Watu wawili wabaki hadi usiku. Kinachotoroka mara nyingi si mwali wa jioni ambao kila mtu anauangalia, bali gogo lililooza au kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofukuta hadi kesho saa tano, upepo wa ziwa unapoamka tena na wachomaji wako shambani.

Pamba yenyewe inaleta mgongano ambao sijaona ukitatuliwa vizuri. Baada ya mavuno mkulima anaagizwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma, ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Agizo ni la busara kwa pamba. Utekelezaji wake unaangukia kiangazi kikali, wakati ambao kila tangazo la misitu linakataza moto. Suluhisho si kuchagua wizara moja. Miti hiyo inarundikwa katikati ya shamba lililolimwa, mbali na mpaka wenye nyasi, na kuchomwa asubuhi upepo ukiwa haujaamka, rundo moja baada ya jingine badala ya yote kwa pamoja.

Nyumba

Wachunguzi wa Marekani waliokagua mitaa iliyoungua waligundua jambo linaloshangaza hadi leo: nyumba imebaki majivu, na mti ulio jirani yake bado una majani ya kijani. Haikuunguzwa na ukuta wa moto uliokuja kutoka msituni. Iliunguzwa na cheche zilizotangulia, zikatua kwenye kitu kikavu kilichokuwa kikizisubiri karibu na ukuta. Kinachoamua zaidi ni hali ya nyumba yenyewe na mita 30 hivi zinazoizunguka.

Ushauri huu, tofauti na ule wa kupunguza miti, unahama vizuri. Paa la bati ni msaada mkubwa. Cheche ikitua juu yake inakufa. Lakini nyuma ya nyumba ya bati kuna jiko la paa la nyasi. Kuni zimepangwa upenuni zisilowe. Mabua ya mahindi yamelundikwa juu ya zizi kwa ajili ya ng'ombe. Kifusi cha takataka kinachomwa kila jioni kando ya uzio. Kusogeza kuni na mabua mbali na ukuta inapofika Julai, na kufagia uwanja hadi kwenye udongo kama wanavyofanya akina mama wengi wa Kisukuma bila kuambiwa na mradi wowote, kunaokoa kuliko doria.

Jijini Mwanza hali ina sura yake. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimebebana na mawe, na katikati ya mawe kuna nyasi na takataka ambazo hakuna jembe linalozifikia. Gari la zimamoto haliwezi kupanda vichochoro vile hata dereva akitaka. Namba 114 ipigwe mapema, na mpigaji aeleze njia ya kufikia chini ya kilima, si jina la mtaa tu. Saa ya kwanza ni ya majirani wenye ndoo.

Majivu huenda wapi

Tunazungumza kana kwamba moto ukizimika mambo yameisha. Ardhi iliyobaki wazi mwishoni mwa kiangazi inapigwa na mvua za kwanza za vuli, ambazo huja kwa nguvu, na udongo wa juu unashuka na vijito hadi ziwani. Sehemu nyingine haisubiri mvua, inapanda na moshi na vumbi. Watafiti waliopima fosforasi inayoingia Ziwa Victoria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walikadiria kuwa zaidi ya nusu yake ilitoka angani, na uchomaji wa uoto ni mojawapo ya vyanzo vyake. Fosforasi ni mbolea. Ikizidi ziwani inarutubisha mwani na gugu maji. Mvuvi anayelalamikia nyavu zilizonasa magugu hana kawaida ya kutazama vilima vya Kwimba, lakini sehemu ya kisa iko huko.

Kibali

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikatazi kila moto. Inakataza kuchoma uoto bila kibali, na inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe. Sheria ndogo zikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kamati ya maliasili inakuwa na meno: nani anachoma, upande gani, nani anaarifiwa kabla, faini ni kiasi gani. Sheria ndogo nyingi nilizosoma zina faini tu. Zimeandika adhabu ya kuchoma, hazikuandika utaratibu wa kuchoma, na matokeo yake mwenye sababu ya haki ya kuchoma anafanya usiku, peke yake, akikimbia. Moto wa mtu anayekimbia hauna mlinzi.

Kibali nacho kina msimu. Dirisha la kuchoma mapema ni wiki chache, na barua ikizunguka kutoka kitongojini hadi wilayani na kurudi mwezi Agosti, kisheria iko sawa lakini nyasi zimekwisha kukauka. Maombi yaandaliwe masika yakiwa bado yananyesha, yataje vipande na si tarehe, na mamlaka ya kusema "leo" ibaki kwa kamati iliyosimama shambani na nyasi kiganjani.

Matokeo yanaweza kufuatiliwa bila gharama kubwa. Tangu setilaiti zenye kihisi cha MODIS, kinachotambua joto la moto, zianze kazi, ya kwanza ikiruka mwaka 1999, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, huonyesha bure mtandaoni nukta za moto kwa kila siku, na afisa misitu mwenye simu ya kawaida anaweza kutazama kata yake. Idadi ya nukta peke yake inadanganya, kwa sababu kijiji kinachochoma mapema kinaweza kuwa na nukta nyingi kuliko jirani yake. Cha kutazama ni mwezi wake: kama nukta za Agosti na Septemba zinapungua na za Juni zinashika nafasi, kazi inakwenda. Hata hivyo, moto mdogo wa jioni wa Juni mara nyingi hauonekani kabisa kutoka juu, ni baridi mno na umekwisha kabla setilaiti haijapita. Huo unapatikana kwenye daftari la mtendaji, kama aliandika kitongoji, tarehe, saa na upande ulikotoka upepo.